Mashine ya Kupasua Kuni Itamtua Nani?

Video zake zimeshafika Utemini. Gogo ambalo mtu mmoja hawezi kulikumbatia linalazwa juu ya boriti la chuma, mkono unasukuma wenzo, pistoni inajongea bila haraka, na gogo linaachana katikati kwa mlio mkavu. Anayeiendesha hana hata jasho. Kwenye vijiwe vya bodaboda simu inapita mkono kwa mkono, na lazima atokee mmoja wa kusema kwamba mashine hiyo ikiletwa Singida watu watapumua. Wanaoitikia haraka ni wanaume. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, maana katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka, anayehangaika na kuni kutwa si yule aliyeshika simu kijiweni.

Niseme mapema kwamba mashine yenyewe naipenda. Injini ya petroli au mota ya umeme inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta mazito ndani ya silinda, mafuta yanaisukuma pistoni, na pistoni inalikandamiza gogo kwenye kabari ya chuma isiyosogea. Ni kanuni ileile ya jeki inayonyanyua lori lililopata pancha barabara ya Dodoma, na Mwingereza Joseph Bramah aliisajili hataza ya shinikizo la namna hiyo tangu mwaka 1795. Mashine ndogo za umeme zinasukuma kwa nguvu ya tani 5 hadi 7. Kubwa za petroli zinafika tani 25 na kupita. Mti nao unasaidia. Nyuzi zake zimelala kwa urefu, kwa hiyo kuukata kwa kukingama ni kibarua, lakini kuuachanisha kwa kuzifuata nyuzi hakutaki nguvu nyingi kama tunavyodhani. Shoka limeijua siri hiyo kwa maelfu ya miaka. Mashine imeongeza uvumilivu: haichoki wala haikosi shabaha.

Lakini kabla ya kuagiza chochote, tuangalie kuni zinavyopita Utemini. Hii ni kata ya mjini, ndani ya Manispaa ya Singida, na jiko la nyumba nyingi ni la mkaa. Siku hizi pembeni yake umesimama mtungi mdogo wa gesi unaowashwa asubuhi kwa chai, au usiku mgeni akiingia ghafla. Mkaa hauna haja ya kupasuliwa. Kuni zimebaki penye sufuria kubwa. Mama lishe anayechemsha maharage tangu alfajiri anazitaka. Mpika mtukuru anazitaka, tena nyingi, maana pombe haikubali moto wa kubahatisha. Shule inayowapikia watoto uji na makande nayo inazitaka, na sote tuliosoma shule za msingi tunaikumbuka amri ya mstarini: kesho kila mmoja aje na kuni. Wachoma matofali wanatia tanuruni magogo mazima. Ukitoka kidogo nje ya mji, kuelekea Mtamaa au Unyambwa, ndipo unapokuta kuni zikiwa jiko la kila siku la kila nyumba.

Kwa wateja wa mjini, kupasua magogo ni ajira. Kuna vijana wanaoishi kwa shoka, kabari na nyundo nzito. Wanaitwa, wanalitazama rundo, wanapatana bei, wanavua mashati. Ukikaa ukawaangalia utaona kwamba ufundi hauko mkononi. Uko jichoni. Kijana anayeijua kazi haanzi kupiga. Kwanza analigeuza gogo, anatafuta ufa uliofunguliwa na jua kwenye uso uliokatwa, anaangalia fundo liko upande gani, kisha anaweka pigo la kwanza pembeni badala ya katikati. Anajua kwamba mgunga unasumbua, kwamba mwarobaini nyuzi zake zimepishana na kung'ang'ania shoka, na kwamba mkaratusi unapasuka vizuri ukiwa mbichi lakini ukiachwa ukauke mzima unageuka kuwa adui. Asubuhi moja inamtosha kumaliza rundo la mama lishe la siku kadhaa. Analipwa, anavaa shati, anaondoka.

Halafu kuna msiba. Sidhani kama kuna mahali ambapo shoka lina heshima kubwa kuliko uani kwa mfiwa. Taarifa ikishafika, kabla maturubai hayajafungwa, wanaume wanatafuta gogo. Anayeshindwa kusema maneno ya pole anashika shoka, na hakuna anayemdai neno. Wazee wanakaa kwenye mkeka wakihesabu kimyakimya nani amefika na nani amepitisha mkono tu. Mtoto wa mjini aliyerudi na viatu vyeupe anapewa shoka kwa makusudi, na mapigo yake mawili ya kwanza yanachekwa hata na wafiwa. Kazi hiyo ni ya pamoja, inaonekana, ina mwanzo na mwisho, na ikiisha watu wanaambiwa asante. Ukileta mashine pale, gogo litaisha kwa nusu saa na wanaume ishirini watabaki wamesimama hawajui mikono waiweke wapi. Sisemi hivyo kuipinga. Nasema ili ionekane kupasua kuni ni kazi ya aina gani kwetu: ni sehemu fupi ya safari ya kuni, ni sehemu ya wanaume, ina malipo au ina sifa, na mara nyingi ina vyote viwili.

Sehemu nyingine zote za safari hiyo hazina malipo wala sifa. Mwanamke wa kijijini hakusanyi magogo. Anakusanya anachoweza kuvunja kwa mguu, kukata kwa panga na kubeba kichwani: matawi yaliyokauka, visiki vidogo, mabua ya alizeti baada ya mavuno. Anaondoka mapema na mabinti, anatafuta, anakata, anafunga kwa kamba ya gome, anajitwisha kilo ishirini na zaidi, anarudi. Kuni zake hazimsubiri mpasuaji, kwa sababu alizichagua nyembamba tangu porini; alijua hakuna wa kumpasulia. Kisha anakaa mbele ya mafiga matatu na kupuliza. Mashine ya tani 25 ikisimamishwa katikati ya uwanja wa kijiji chake, haitakuwa na gogo hata moja la kupasua. Na kesho alfajiri atakwenda porini kama jana.

Serikali imeimba kwa miaka kuhusu kumtua mama ndoo kichwani, na katika vijiji vingi bomba limefika kweli. Kuni hazijapata kaulimbiu nzuri kama hiyo, ingawa zinakaa kwenye kichwa kilekile. Utafiti wa nishati wa Tanzania Bara wa mwaka 2019/20 ulikuta asilimia 63.5 ya kaya zinapika kwa kuni na asilimia 26.2 kwa mkaa. Gesi ilikuwa asilimia 5.1, umeme 3. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya laki mbili wa chini ya miaka mitano. Anayebeba ndiye anayevuta moshi, na mgongoni kwake kuna mtoto anayevuta naye. Ukiniuliza kazi ya kuni inaua wapi, sitaonyesha kwenye shoka.

Mashine hizi zilizaliwa kwa watu wenye tatizo tofauti kabisa. Nchi za baridi nyumba inakula kuni za kupasha joto miezi sita mfululizo, na mti wa kule ni mnene, umekatwa msituni kwa msumeno, umeletwa kwa gari mpaka mlangoni. Hapo kazi kubwa inayobaki ni kupasua na kupanga. Norway wameifanya karibu kuwa ibada. Mwandishi Lars Mytting alitoa mwaka 2011 kitabu kizima kuhusu kukata, kupasua na kukausha kuni, kikauzwa kwa wingi wa ajabu. Februari 2013 televisheni ya taifa, NRK, ikaonyesha kuni kwa saa 12, sehemu kubwa ikiwa ni moto tu unaowaka jikoni, na watazamaji wakatuma ujumbe kulalamika. Nusu walikasirika kwamba magome ya kuni yalipangwa yakitazama juu, nusu kwamba yalitazama chini. Nawaonea wivu watu wenye nafasi ya kugombana hivyo. Kule, mwanamume mwenye umri wangu akinunua mashine ya kupasua kuni ameununulia mgongo wake mwenyewe nafuu, na hakuna wa kumlaumu. Mwanamume wa Utemini akiinunua, ameununulia nafuu mgongo wa kijana aliyekuwa akimlipa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Wanorwe wamelishika na sisi tumelipuuza, na kwa ajili yake nadhani kupasua kuni kunastahili kutiliwa maanani zaidi hapa Singida. Kuni hupasuliwa ili zikauke. Maji yaliyomo kwenye mti hutoka kwa urahisi kwenye ncha zilizokatwa na kwenye uso uliopasuliwa, gome linayazuia. Gogo zima lililolazwa uani linaweza kupita kiangazi chote likiwa kavu kwa nje na bichi moyoni. Kilo moja ya kuni ambayo nusu yake ni maji inakupa takriban nusu ya joto la kilo ya kuni zilizokaushwa vizuri na upepo, kwa sababu moto unaanza kwa kuchemsha maji ya ndani ya ukuni kabla haujafikiria sufuria yako. Maji hayo ndiyo yanayoupoza moto mpaka utoe moshi mzito badala ya mwali. Kwa hiyo anayepika kwa kuni mbichi anabeba mara mbili na kukohoa mara mbili.

Na sisi tumejaliwa upepo. Kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi Novemba au Desemba, Singida ni kikaushio. Wageni wanalalamika midomo inapasuka, wataalamu wa umeme wamekuwa wakiupima upepo wetu kwa miaka mingi. Kuni zilizopasuliwa nyembamba kiasi cha kifundo cha mkono, zikapangwa kwa kupishana juu ya mawe zisiguse ardhi, upande upepo unakotokea, na kufunikwa juu tu kwa bati chakavu, zitakuwa tayari muda mrefu kabla ya masika. Mawe hatuna shida nayo mji huu. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi zinazonunua kuni hapa mjini zinazinunua wiki ya kuzitumia, zinazitupa chini kwenye vumbi, na mvua ya kwanza inazikuta hapo. Mjohoro, ambao tumeupanda kila mahali kwa sababu unakua haraka na kuchipua tena ukikatwa, unajulikana kwa kuwaka vizuri na kwa kutoa moshi mwingi. Kuutia jikoni ukiwa mbichi ni kujitafutia macho mekundu.

Faida hiyo haihitaji mashine. Inahitaji kijana yuleyule mwenye shoka aambiwe apasue nyembamba zaidi na mapema zaidi, mwezi wa Juni badala ya Desemba, na alipwe kidogo zaidi kwa kazi hiyo. Inahitaji pia uchanja wa kuni, ambao fundi yeyote atausimamisha kwa siku moja. Kama mtu ana milioni moja mfukoni na nia njema kwa jiko la nyumba yake, ningemwambia aanzie hapo, aongeze jiko banifu lenye bomba la moshi, na chenji itabaki.

Mashine ya umeme ndiyo inayonichekesha zaidi, ingawa ndiyo inayopigiwa debe kwamba ni ya nyumbani, haina kelele, inachomekwa ukutani. Mota yake ni ya kilowati 2 na kidogo. Ukiiendesha saa nzima bila kupumzika imekula uniti mbili na ushee, ambazo kwa bei ya kawaida ya umeme wa nyumbani, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hazifiki hata shilingi 800. Rahisi kabisa. Ila uniti mbili hizo, ukizitia kwenye jiko la presha la umeme, zinaivisha vyungu vinne vya maharage, maana chungu kimoja hakimalizi nusu uniti. Yaani mtu anatumia umeme kupasua kuni za kupikia maharage ambayo umeme uleule ungeyapika, tena bila kuni. Sijui nilicheke jambo hili au niliombee. Mwenye LUKU inayotosha kuendesha mashine hiyo ameshavuka hatua ya kuni, isipokuwa kwa nyama choma na kwa kumbukumbu za bibi.

Tubaki basi na ya petroli, ambayo haitegemei nguzo na inaweza kupelekwa popote. Marekani mashine ya tani 25 inauzwa kati ya dola 1,000 na 2,000; ongeza meli, ushuru na faida ya muuzaji, na utaona kwa nini si kifaa cha nyumba moja. Nyumba moja ya Utemini haina kuni za kuishughulisha hata kwa siku moja katika mwezi. Itakaa bandani, mpira wa mafuta utapasuka kwa jua, na siku ya kuhitajika haitawaka. Hapa ndipo tunapopaswa kukumbuka tulivyoishi na mashine ya kusaga. Hakuna aliyefikiria kwamba kila nyumba iwe na yake. Ilisimamishwa mahali pamoja, watu wakaja na madebe ya uwele na mtama, wakalipa kwa debe, na mawe ya kusagia yaliyowapinda migongo bibi zetu yakaishia kuwa ngazi za mlangoni. Ile ilikuwa mashine iliyokwenda moja kwa moja kwenye kazi ya mwanamke, ikaiondoa. Lakini ukumbuke pia mwenye mashine alikuwa nani. Wateja wanawake, mwenye funguo mwanamume, na bei ikipanda hakuna wa kumuuliza.

Mashine ya kupasua kuni ikiwekwa hivyo, kwenye yadi kuni zinaposhushwa, naona inaanza kuwa na maana. Mama lishe hatanunua tena gogo na kumtafuta mpasuaji. Atanunua kuni nyembamba, kavu, zilizopangwa tangu kiangazi, kwa fungu linaloeleweka. Mpika mtukuru vivyo hivyo. Shule ambayo bado inatumia kuni haitawaamrisha wavulana wa darasa la saba kushika shoka saa ya hesabu. Yadi itakuwa na sababu ya kibiashara ya kukausha, kwa sababu mteja akishazoea kuni kavu harudi kwenye mbichi.

Zana yenyewe si lazima itoke ng'ambo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi Singida, na mafundi wa mji huu wanaounda na kukarabati mashine za kukamua alizeti wanaijua vizuri nguvu ya shinikizo. Boriti la chuma, kabari iliyonolewa, jeki ya lori ya tani 20: hiyo tayari ni mashine ya kupasua kuni, ya mkono, polepole, bila petroli. Itamshinda mwenye haraka. Kwa yadi inayopasua kidogo kidogo kila siku inatosha, na ikiharibika jeki inapatikana kwenye duka la vipuri.

Ninachoomba ni kwamba tusianze na ile ya koni. Kuna aina ambayo badala ya pistoni ina msumari mkubwa wa chuma wenye umbo la koni na nyuzi za skrubu, unazunguka muda wote, na mtu anausukumia ukuni kwa mkono. Ni nyepesi kuundwa gereji, ni rahisi, na video zake zinavutia kuliko zote. Lakini kitu kinachozunguka na chenye nyuzi hakichagui kati ya ukuni na nguo. Kikishika ncha ya kanga au kitenge hakiachii, na mwendeshaji hana wakati wa kufikia swichi. Kwa mashine za pistoni, kiwango cha Ulaya cha EN 609 kinataka mikono yote miwili ya mwendeshaji iwe kwenye wenzo ndipo pistoni isogee. Akiachia mmoja, inasimama. Sharti hilo linatosha kuokoa vidole vingi, na fundi wa hapa anaweza kuliunda bila kununua kitu kigeni. Kama halmashauri itataka kuweka sheria ndogo moja tu kuhusu mashine hizi, iwe hiyo.

Limebaki jambo linalonitia hofu kuliko vidole. Shoka lina ukomo, na ukomo huo umekuwa ukiilinda miti mikubwa bila kuandikwa popote. Mgunga mzee wenye shina nene ulikuwa unaachwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuhangaika nao; akina mama walichukua matawi makavu, mbuzi wakala maganda yake, ng'ombe wakalala kivulini. Ukishakuwa na msumeno wa mnyororo wa kuuangusha na mashine ya kuupasua, mti huo umegeuka fedha. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa mwaka 2015, NAFORMA, ilionyesha kwamba tunatumia mita za ujazo milioni 62.3 za miti kwa mwaka wakati kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuumiza misitu ni milioni 42.8. Pengo la milioni 19.5. Kuongeza kasi ya kupasua bila kuuliza gogo limetoka wapi ni kulipanua.

Lakini tunajua kwamba uharibifu huo unaweza kurekebishwa. Majirani zetu wa Shinyanga walifikia hatua ya kuitwa jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudisha uoto. Mwaka 1980 taifa zima lilikusanyika kuzunguka redio katika kampeni ya Misitu ni Mali. Yadi ya kuni yenye mashine inapaswa kuwa na shamba lake: mjohoro na mlusina, miti inayokatwa ikiwa na unene wa paja na kuchipua tena. Gogo la unene huo ndilo mashine ndogo inalolimudu. Mashine ya tani 25 ni ya mti ambao hatupaswi kuugusa.

Watakaonipinga watauliza kwa nini nahangaika na kuni wakati serikali inaziaga. Rais Samia alizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziwe zimeacha kuni na mkaa mwishoni mwa Januari 2024. Nauunga mkono mkakati huo bila kusita. Lakini tarehe hiyo imepita na kuna masufuria ambayo bado yana masizi. Hata lengo likifikiwa kikamilifu, asilimia 20 watakuwa bado kwenye mafiga mwaka 2034, na sidhani kama kuna anayetilia shaka watakuwa wa wapi: hawatakuwa wa Masaki, kwa matajiri wa Dar es Salaam. Watu hao wanastahili kuni kavu katika miaka hiyo, na fedha inayowekwa kwenye yadi ndogo haizuii mtungi wa gesi wa ruzuku kufika.

Fedha hiyo ipo. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Wazo la mashine ya kupasua kuni likifika ofisi ya maendeleo ya jamii ya Manispaa, najua litaandikwa wapi: dirisha la vijana, kwa sababu ni injini, ni mafuta, ni chuma. Mimi ningeliandika dirisha la wanawake. Kikundi cha mama lishe na wapika mtukuru wa Utemini kimiliki yadi na mashine, kiwaajiri vijana walewale wenye shoka waiendeshe, maana wao ndio wanaoijua miti, na kipange chenyewe bei ya fungu. Kijana hatapoteza kibarua. Atakuwa na bosi wa kike, jambo ambalo wengi wao wameshalizoea kila wanapokula kwa mkopo. Faida ya mwaka wa kwanza inunue mkokoteni na punda wa kuleta kuni kutoka shambani mpaka yadi. Hao ndio wangekuwa wa kwanza katika mpango huu wote kuushusha mzigo kichwani kwa mtu, na gharama yao haikaribii ya pistoni.